Dawa ya Kahawa Kwenye Sanduku la Nguo

Siku aliyopaswa kubatizwa Veneranda, kifunguamimba wangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, wala siikumbuki kwa furaha. Wewe umeniuliza tu uweke nini kwenye viatu vyako vya ngozi visiote ukungu masika haya. Kaa basi, maana jibu langu lina machozi ndani yake.

Kwetu Mpepai, masika ukungu hauna adabu. Ukitundika koti leo, wiki ijayo limeota mvi. Baba Veneranda alikuwa na viatu vyeusi vya mtumba, alivinunua Mbinga mjini miaka ile mitumba ilipoanza kumwagika, na alivipenda kama nini! Siku moja nikavikuta sandukuni vimeota manyoya ya kijani, pamoja na nguo zetu za kanisani. Nikawaza: ile dawa tunayopulizia kahawa si ya ukungu? Itashindwaje na kiatu?

Enzi za ushirika dawa ile ilikuja kwenye pakiti yake, na bwana shamba anakuelekeza. Soko huria lilipoingia, gulioni wakawa wanaipima kwa kijiko, unafungiwa kwenye nailoni, haina hata jina. Nikanunua, nikanyunyiza viatuni, nikanyunyiza na kwenye nguo. Nikajiona mjanja, loo!

Jumapili ya ubatizo nikalitoa gauni jeupe la mtoto sandukuni, nikalikung'uta, nikamvika. Baba yake alikwisha kutangulia kanisani. Tukashika njia mimi na mama mkwe. Hatujafika mbali, mtoto akaanza kulia kilio nisichokijua. Macho mekundu, shingo imejaa vipele, na muda wote alikuwa akinyonya ukosi wa gauni. Akatapika. Nilijua, mwanangu. Nilijua palepale.

"Ana nini huyu?" mama mkwe akauliza.

"Meno, mama."

Nikasema meno! Niliogopa kuitwa mke mjinga, na mtoto anazidi kulegea mikononi mwangu. Tulitembea hivyo mpaka darajani, nami nasikiliza pumzi zake, nasali rozari kimoyomoyo. Akatapika tena. Hapo nikapiga yowe: "Mama, nimemuua mjukuu wako! Nguo nilizitia dawa ya kahawa!"

Hakunipiga, wala hakunitukana. Alimvua mtoto gauni, akamwosha mtoni kwa maji mengi, uso na macho, akamfunga kwa khanga yake mwenyewe, nasi mbio hadi zahanati. Muuguzi akauliza, "Dawa gani? Inaitwaje?" Sikuwa na jina la kumpa. "Ya bluu, dada. Ya kahawa." Kutwa nzima tulikaa pale, hatujui kama tutarudi naye. Alasiri akashika ziwa, akanyonya, ndipo nikalia kwa sauti.

Mama mkwe alinisubiri nimalize kulia. "Kukosea umekosea, binti yangu, hata mimi nimekosea mengi. Lakini kutoka alipotapika mara ya kwanza hadi kule darajani, ulikuwa unamlinda nani?"



Basi hivyo viatu vyako vitoe nje, jifunge kitambaa puani, uvipanguse kwa tambara kavu. Vumbi la ukungu si zuri kifuani. Vianike kivulini penye upepo. Usivining'inize jikoni juu ya moto kama wanavyofanya wavivu, ngozi itapasuka. Vikikauka vipake dawa ya viatu, uvijaze magazeti makavu. Sanduku nalo liinue juu ya matofali, mbali na ukuta, na jua likitoka tu lifungue lipumue. Nguo yenye unyevu hata kidogo usiikunje. Na dawa ya shamba ibaki ya shamba, kwenye pakiti yenye jina lake, mbali na watoto.

Siku utakayokosea, maana utakosea tu, sema upesi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingine kifo chenyewe humkuta asiye na kosa. Mungu akupe nyumba kavu, mwanangu, na watoto wazima, na akupe mdomo mwepesi wa kusema: ni mimi.