Jaji Aliyetoa Mkono Kabla ya Wakati

Kitendawili, msomaji wangu! Wenzake hawawezi kumwachisha kazi, uzee hauwezi kumwachisha kazi. Wa kumwambia "basi, inatosha" ni yeye mwenyewe. Umeshindwa? Ni jaji wa mahakama ya rufaa ya shirikisho, huku Marekani.

Saa mbili asubuhi, Jaji Lemuel Haskett, mwenye umri wa miaka themanini na mitatu, anahangaika na zipu ya joho lake jeusi. Verna Pruitt, katibu wake kwa miaka thelathini na mmoja, anamfungia.

"Simama wima, Jaji. Tai imekaa upande, utadhani unakwenda kuvua samaki."

"Heri samaki, Verna. Hawakati rufaa."

Wanacheka, ila kicheko kinakatika upesi. Tangu Jumanne hakuna kinachochekesha ofisini humu.

Mahakamani kwao, mawakili wa pande zote wakishamaliza kusema, majaji watatu hushuka ngazi za jukwaa lao na kuwapa mkono. Haskett anaipenda desturi hiyo kuliko joho lenyewe. "Baba yangu alichimba makaa ya mawe," anasema. "Alikufa hajawahi kupewa mkono na mtu mwenye tai."

Jumanne, serikali ilikuwa imekata rufaa kupinga Dwight Sumner, aliyekaa gerezani miaka kumi na tisa, kupewa kesi mpya. Wakili wa serikali alipoketi, Haskett akainuka, akashuka, akampa mkono. Kisha akamnyooshea mkono wakili wa Sumner, mwanamke aliyesimama na karatasi zake kifuani.

"Mheshimiwa," akasema mama yule kwa sauti ndogo, "mimi bado sijaanza."

Binti wa Sumner, kwenye benchi la nyuma, akainamisha kichwa.

Haskett alirudi kitini, akasikiliza mpaka mwisho. Sasa wenzake wawili wamegawanyika, na kura yake ndiyo itakayokata shauri. Akijitoa, rufaa itasikilizwa upya na jaji mwingine, na Sumner ataongeza miezi gerezani. Akibaki, je, ana hakika alizisikia hoja zote?

Mshahara si kitu: akipumzika, ataendelea kulipwa mpaka kaburini. Kinachomuuma ni kwamba hakumbuki kushuka zile ngazi.

"Jaji," Verna anauliza taratibu, "ungekuwa wewe ndiye Sumner, ungemtaka jaji huyu?"

Anatazama mvua dirishani. Chai inapoa.

"Maharage ya mke wangu yamesongwa na magugu kule milimani," anasema baadaye. "Marehemu angenigombeza. Nitakwenda kuyapalilia."

"Na Sumner?"

"Mwandikie Jaji Mkuu wa mahakama yetu kwamba najitoa, wampe mtu mwingine wiki hii hii. Halafu barua kwa Rais, ya kustaafu kwangu."

Verna anaandika, machozi yakimdondokea mkononi. Haskett anavuta zipu avue joho, inakwama. Safari hii Verna hamsaidii.

"Bado hujanijibu, Jaji: ungemtaka jaji huyu?"

"Nisingemtaka, Verna. Hata kwa kesi ya kuku."