Mahubiri Niliyoyapunguza Makali

Bado nayasikia yale mabenchi. Watu wote waligeuka mara moja kutazama nyuma, mbao zikalia krrr kanisa zima.

Ilikuwa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, nami nilikuwa mkalimani. Mchungaji alihubiri kwa Lhukonzo, lugha ya kwetu, mimi nasimama kando yake nageuza kwa Kiswahili, kwa ajili ya wake wa askari na akina mama wachuuzi wanaovuka kutoka Kongo. Shule niliiachia siniya ya pili, mwaka wa pili wa sekondari. Kiswahili nilikiokota sokoni Mpondwe nikiuza vitenge. Lakini niliipenda kazi ile! Mchungaji akiinua mkono, nami nainua, akiruka, naruka. Nilijiona tayari natangaza redioni Kasese. Akina mama walinitania: "Redio yetu, leo betri iko?"

Jumapili ile alihubiri juu ya mimba zinazotolewa. Benchi la mwisho alikaa rafiki yangu, binti wa askari. Alichofanya kilikuwa kimeshajulikana, na kwaya ilikuwa imemkataza kuimba. Lhukonzo hakujua zaidi ya salamu. Chochote cha kumfikia siku ile kingepita mdomoni mwangu.

Mchungaji akasema, kwa sauti kubwa: muuaji. Ndipo mabenchi yakalia. Nami nikageuza: "Mwanamke aliyepata shida."

"Ee, Redio!" Kiongozi wa akina mama alisimama; lugha zote mbili anazijua. "Hajasema hivyo! Sema muuaji!"

Mchungaji akaningoja. Mkono wake uko juu, wangu uko chini. Nikalisema lile neno nikiangalia sakafu.

Baada ya ibada aliniita kando. Nilidhani atanifokea. "Binti yangu," alisema polepole, "mimi nimezika watoto wawili. Yule mtoto wa tumboni tukimpa neno dogo, naye anakuwa mdogo. Sasa nani atamlilia?"

Nikatoka na lile swali.

Rafiki yangu nilimkuta nje, anafunga upya kitambaa chake cha kichwa. Nikaanza kujitetea, kwamba nilitaka kumfichia.

"Nilijua. Mutumishi anatoka jasho, wewe unasema shida, shida." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Lakini hiyo shida yako nayo haikunisaidia. Shida ni mvua kunyeshea muhogo yenye umeanika. Mimi nilikuwa na mutu ndani, miezi tatu. Niliogopa baba, niliogopa kila kitu. Mutumishi anasema muuaji, wewe unasema shida. Hakuna mwenye aliniuliza mimi naita nini."

"Unaita nini?"

Alikaza fundo la kitambaa mpaka watu wa mwisho wakatupita. "Naita yule," alisema. "Naamka asubuhi, mbele ya kunawa uso, namukumbuka. Yule."

Nilitaka kumkumbatia, ila mikono yake alikuwa ameikunja kifuani, imekaza. Nikamtembeza tu mpaka njia ya kambini. Njiani aliniambia kwamba msamaha anautaka kweli, na kuimba anakutaka pia.

Wiki ile wazee wa kanisa wakaamua: atarudi kwaya akisimama mbele ya watu na kusoma ungamo. Walimwandikia wao wenyewe kwa Lhukonzo, mistari sita, wakanipa niiweke kwa Kiswahili. Lile neno lilikuwa mstari wa tatu. "Safari hii usipunguze chumvi," kiongozi wa akina mama alinionya. Hakusema kwa ubaya. Sauti ya yule binti aliipenda kuliko sisi wote, alitaka irudi.

Kesho yake, kabla ya kwenda sokoni, niliketi peke yangu nyuma ya nyumba, daftari magotini. Niliandika nimemkosea Mungu. Niliandika naomba msamaha, maana hayo alikuwa ameniambia mwenyewe. Nilipofika mstari wa tatu niliacha nafasi, upana wa vidole vitatu, nikaendelea na wa nne. Nikaichana karatasi taratibu isiraruke, nikaikunja, nikaenda kwao rafiki yangu, kambini. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikaisukuma chini yake, pamoja na kalamu.