Bega la Mpiga Bastola

Ambanoro, kijijini kwetu kisiwani Nosy Be, siku ya Idi, mbio zilianzishwa kwa kofia. Baada ya swala na baada ya wali kuliwa, vijana walijipanga kwenye mchanga mgumu ulioachwa na maji. Mtu mzima mmoja alisimama pembeni, akavua kofia yake ya kushonwa kwa mkono, akainyoosha mbele yake, kisha akaiachia. Ikigusa mchanga, mnakimbia. Hakukuwa na filimbi, kwa sababu upepo wa pale huichukua sauti ukaipeleka baharini, na aliye mwisho wa mstari angedai hakusikia. Kofia kila mtu aliiona.

Hapo ndipo nilipojifunza kukimbia. Shuleni mwalimu alihesabu moja, mbili, tatu, na kila mtoto alijua kwamba ukingoja tatu umeachwa.

Nilishinda mbio za wasichana Idi kadhaa mfululizo. Wenzangu walitazama kofia. Mimi nilimtazama aliyeishika. Kabla kofia haijaanguka, vidole hulegea, na kabla vidole havijalegea, bega hutikisika kidogo, kama la mtu anayetaka kukohoa. Nikiliona bega, nimeshaondoka. Hakuna aliyeona kosa, na mimi pia sikuona kwamba ni kosa. Niliona ni macho mazuri.

Tulikuwa wageni kisiwani. Familia yetu ni ya asili ya Komoro, na tuliishi Mahajanga mpaka mwaka ule wa fujo ambapo watu wa asili yetu walishambuliwa na wengi wakaondoka mjini. Wengine walipelekwa Komoro ambako hawakuwahi kufika maishani mwao. Sisi tulifuata jamaa Nosy Be. Nilikuwa msichana wa shule. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuangalia mabega ya watu, sokoni, darasani, kila mahali, nijue nani anataka kufanya nini kabla hajafanya.

Mjomba wangu, kaka yake mama, aliuza vipuri vya baiskeli mjini Hell-Ville, kisiwani hapo. Ujanani alikimbia mita mia huko Mahajanga, na historia ya mbio za Olimpiki alikuwa nayo kichwani yote, kutoka redioni na kwenye magazeti ya zamani ya Kifaransa yaliyokuja yamefungia vipuri. Michezo ya Moscow iliangukia Ramadhani. Mjomba alikaa mkekani na redio mapajani, na mama alimwambia kwamba akiendelea kusikiliza hivyo atakosa hata adhana. Alitusimulia juu ya Athens, michezo ile ya kwanza, mkimbiaji mmoja alipoinama na kuweka mikono chini huku watu wakimshangaa, naye akawashinda waliosimama. Alitusimulia juu ya Stockholm, ambako fainali ilirudishwa mara nyingi kwa sababu wanaume wazima walishindwa kungoja bunduki. Kisa kilichonikaa mimi kilikuwa cha Munich. Wakimbiaji wawili wa Marekani, wenye nafasi ya kushinda, walikosa mchujo kwa sababu mwalimu wao alisoma ratiba ya zamani. Walikuwa wakitazama televisheni, wakadhani ni marudio ya mbio za asubuhi. Kumbe ni mbio zao wenyewe.

Mjomba alikisimulia kama kichekesho. Mimi sikulala vizuri kwa wiki nzima.

Nilipomaliza chuo kikuu huko Diego nilirudi nyumbani kungoja kupangiwa kazi ya kufundisha. Kungoja kulinifanya mgonjwa. Nikisikia pikipiki ya posta nilikaa chini. Mjomba alipoona hivyo alileta habari kwamba Mahajanga kutakuwa na mashindano ya kuchagua wakimbiaji, na wasichana wawili wa kwanza wa mita mia watakwenda mji mkuu kuwania timu ya michezo ya visiwa vya Bahari ya Hindi.

"Mimi nina digrii ya hesabu," nilimwambia.

"Kwani mguu umeuliza?"

Nilisema sitaki, na nilisema hivyo kwa sababu nilitaka kupita kiasi. Sikuwahi kuchaguliwa kwa kitu chochote na mji ule. Niliondoka Mahajanga nikiwa nimelala chini ya turubai la lori. Nilitaka mtu asimame katikati ya uwanja wa mji ule na kuita namba yangu.

Tulifikia Tanambao, mtaa mmoja wa Mahajanga, kwa mama mdogo, dada yao mama na mjomba. Yeye aliolewa na mtu wa hapo na hakuondoka mwaka ule. Alitupokea na liwa ya manjano usoni, imekauka mpaka inapasuka anapocheka.

"Huyu ndiye mkimbiaji?" alimuuliza mjomba. "Mbona amekonda kama ufito?"

"Ndivyo wanavyokuwa."

"Akina nani? Wenye njaa?"

Alinipakulia mara tatu. Nilipomwomba aje uwanjani kesho yake, alichukua sahani yangu akaanza kuisafisha.

"Wanapiga bastola huko," alisema. "Mimi na milio ya mji huu tumeshaachana, mwanangu. Utanisimulia."

Sikuwa nimewahi kukimbia kwa bastola. Nilimwambia mjomba usiku ule, akasema mlio ni mlio tu, ukiusikia nenda. Lakini mimi nililala nikipanga: nikiusikia, nitajuaje kwamba ndio wenyewe? Na nikingoja kujua, si nitakuwa nimechelewa? Na nisipongoja?

Asubuhi tulifika uwanjani mapema kiasi kwamba walinzi walituuliza kama sisi ndio wafagiaji. Niliisoma ratiba ukutani, nikamwomba mjomba aisome, kisha nikamwomba msichana mmoja aliyekuwa akifunga viatu vya misumari aisome pia. Alikuwa wa Tanambao, mrefu, mwenye sauti nzito. Alisoma, akanitazama.

"Imeandikwa vilevile kama ulivyosoma wewe, dada. Ulitaka nisome nini?"

Kwenye mchujo mpiga bastola alisimama nyuma yetu. Sikumwona. Mlio ulipopigwa ulinipita mgongoni kama maji ya baridi, nikatoka wa mwisho, nikawafuata, nikaingia fainali kwa shida. Mjomba alinambia nimetoka kama mtu aliyeitwa na polisi.

Kwenye fainali jua lilikuwa limegeuka. Mpiga bastola, mtu mnene mwenye koti jekundu, alihama akaja kusimama upande wetu, mbele kidogo, ili jua lisimpige machoni. Mimi nilikuwa njia ya kwanza, karibu naye kabisa. Nikiinama na kugeuza jicho kidogo, nililiona bega lake lote. Moyo ukatulia. Nikasema, Mungu ameniletea Ambanoro.

Akatoa amri kwa Kifaransa. Tukapiga magoti kwenye vibao vya kuanzia. Akasema tayari, tukainuka. Bega likapanda.

Niliondoka. Niliondoka vizuri kuliko siku zote za maisha yangu, na nilikuwa nimekwenda mbali nilipotambua kwamba niko peke yangu na kwamba hakuna mlio. Nyuma filimbi ilikuwa ikipigwa. Nilipogeuka, yule mtu wa koti jekundu alikuwa bado ameinua bega hadi kwenye shavu. Alikuwa akiziba sikio lake. Kumbe anayepiga bastola huanza kwa kujikinga na mlio wake mwenyewe.

Nilirudi nikitembea. Njia ile ya kurudi sikuiona mwisho wake.

"Dada wa kisiwani," msichana wa Tanambao aliniambia. Alikuwa njia ya pili, ameshika kiuno. "Ulikuwa unakwenda wapi? Boti haijapiga honi."

Wengine wakacheka. Mpiga bastola hakucheka. Alininyooshea kidole, akasema kosa la kwanza ni onyo, na nikirudia nitatoka uwanjani. Alisema kwa upole, na upole ule ulinitisha zaidi.

"Stockholm!" mjomba alipiga kelele kutoka kwenye uzio. Kisha kwa Kikomoro, ili wengine wasielewe: "Mwache huyo mtu! Tazama chini!"

"Nani anayeita Stockholm?" mpiga bastola aliuliza.

"Ni mjomba wangu," nilisema.

"Mwambie hapa ni Mahajanga."

Tukapiga magoti tena. Nilitazama chini. Kulikuwa na mstari wa chokaa na ukucha wangu, basi. Macho yangu yalitaka kwenda kwa lile bega kama mbwa anayevuta kamba. Nilifikiri: nikitazama, nitaondoka, na nikiondoka nimetolewa mbele ya mji huu. Nisipotazama, sina kitu. Sijui kukimbia bila kumtazama mtu. Nilifikiri juu ya mama mdogo anayesafisha sahani. Nilifikiri kwamba kufikiri ndiko kutakakoniponza, na hilo nalo nikalifikiri. Akasema tayari. Nikafumba macho.

Ukapigwa. Nikajiuliza, ndio huo?, na nilipofumbua macho migongo yote ilikuwa mbele yangu.

Siwezi kusimulia mbio zenyewe, na labda hiyo ndiyo sababu zilikuwa nzuri. Nakumbuka migongo ikija. Nakumbuka mmoja aliyekuwa mbali sana, huyo sikumgusa. Mwishoni kulikuwa na msichana wa Tanambao na mimi, bega kwa bega, na kamba ya kumalizia imeshachukuliwa na yule wa mbele.

Wa kwanza alijulikana. Wa pili hakujulikana. Waamuzi walikusanyika mezani, vichwa vimeinama, mmoja akionyesha kwa kiganja jinsi kifua kilivyopita, mwingine akikataa kwa kiganja chake. Hapakuwa na picha ya kumaliza ubishi. Sisi wawili tulisimama mikono magotini.

"Ni wewe," alisema msichana wa Tanambao.

"Sijui."

"Mimi najua. Nilikuona ukipita. Kifua chako hiki hapa."

"Labda ulikosea. Ukiwa pale mtu huwezi kuona sawasawa."

Alinitazama kama mtu aliyepewa chakula kilichooza.

"Wewe dada, mtu akikupa kitu unakirudisha?"

Mwamuzi mmoja akatuita, akauliza kila mmoja alichoona. Sikutegemea kuulizwa. Nilisema kweli sijui. Mwenzangu alisema, kwa sauti yake nzito, "Amenipita," kisha akaenda kukaa chini na kuvua viatu, mgongo wake kwetu. Waliita namba yangu. Katikati ya uwanja wa Mahajanga waliita namba yangu, kwa kipaza sauti, mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuitikia. Nilitazama mgongo wa yule msichana na sikujua niufanyie nini uso wangu.

Mjomba alinishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi kimawazo nilikuwa nimeshafika mji mkuu. Huko bastola zitakuwa zilezile na wasichana watakuwa wepesi zaidi, na mtu anayefumba macho kila mara hataletewa migongo karibu kila mara.

Nikamfuata mpiga bastola. Alikuwa akifunga begi lake. Nilimwomba anipigie, kesho, asubuhi, mpaka nizoee.

"Risasi hizi ni za serikali," alisema. "Unataka nikupigie kama harusi?"

"Hata kitu kingine. Chochote chenye mlio."

Akasema ana mbao mbili nyumbani, za kugonganisha, za kufundishia watoto.

Kesho yake nilikwenda, na nilipita kwanza kwa msichana wa Tanambao, sokoni, ambako mama yake aliuza vitumbua. Nilizunguka mara kadhaa kabla ya kumwambia twende tukafanye mazoezi pamoja. Nilidhani atanifukuza. Aliniuliza tu kama kuna mtu wa kumlipia pusipusi, kile kigari cha kukokotwa na mtu, maana miguu inamuuma.

Uwanja ulikuwa mtupu. Tulipiga magoti, yeye na mimi, na yule mtu akasimama nyuma yetu na mbao zake.

"Macho," msichana aliniambia.

"Yako wazi."

"Yako wapi?"

"Chini."

Yule mtu akagonga mbao. Msichana aliondoka, nami nikabaki kidogo, kisha nikamfuata. Tukarudi, tukapiga magoti tena.