Simu ya Krismasi Ambayo Sikuipiga

Mwanangu, iko Krismasi moja ambayo hunirudia kila mwaka, hata kabla watu hawajaanza kutafuta mbuzi wa kuchinja. Keti nikusimulie, maana nasikia wewe pia umepata barua ya kwenda misheni, na Desemba itakukuta kwa watu.

Nilikuwa na miaka ishirini. Kwetu ni hapa hapa Dundori, kwa baba aliyelima viazi na kufuga ng'ombe watatu, na aliyekuwa mzee wa kanisa lake tangu sijazaliwa. Mimi nikaingia kanisa lingine, hili ambalo watu huliita la Wamormoni, na baada ya mwaka mmoja nikaitwa kwenda kuhubiri Bulawayo, nchi ya Zimbabwe, miaka miwili bila kurudi. Baba aliona kama nimegawa kitu ambacho hakikuwa changu. Asubuhi ya kuondoka nilimfuata shambani kumuaga. Hakuinua kichwa kwenye mitaro ya viazi.

"Ukipanda hiyo ndege," akasema, "usiniandikie."

Basi sikumwandikia. Nilimwandikia mama peke yake, na mwisho wa barua sikuweka hata "nisalimie baba." Mafahali wawili hawakai zizi moja, na sisi tulikuwa mafahali wa damu moja.

Katika misheni yetu kuna desturi ambayo hunichekesha mpaka leo: kijana wa miaka ishirini huitwa Mzee. Mzee Kariuki, ndiye mimi, na ndevu zangu hazijatimia kumi! Mwenzangu alikuwa Mzee Mensah, kijana wa Ghana. Tulitembea wawili wawili bila kuachana. Siku zile hakukuwa na simu hizi zenu za kuonana nyuso kila wiki. Ulipiga nyumbani siku mbili tu kwa mwaka, Siku ya Akina Mama na Krismasi.

Nyumbani hatukuwa na simu. Lakini mama alikuwa akimpelekea maziwa Mzee Salim, Mwislamu mwenye duka karibu na soko la Nakuru, naye akamwambia duka litakuwa wazi siku ya Krismasi, aje angoje hapo. Nikaandika mapema kwamba nitapiga saa tisa alasiri, saa za kwetu Kenya.

Krismasi ya Bulawayo ni ya joto na mvua. Tulialikwa chakula kwa mjane mmoja wa kanisa letu tuliyemwita Gogo, yaani bibi kwa lugha yao. Alitupikia kuku na wali uliochanganywa na siagi ya njugu. Simu yake ilikuwa sebuleni, ile ya zamani ya kuzungusha namba kwa kidole, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mensah alipiga kwanza. Alianza akicheka, akamaliza akilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, kisha akaenda kuketi nyuma ya nyumba, kichwa mikononi.

Nilipomwona hivyo nikaogopa. Miezi mitano nilikuwa nimejikaza. Tangu asubuhi moshi wa nyama ulikuwa ukitoka kwa majirani, na mimi kila nilipovuta pumzi nilijiona jikoni kwetu. Nilijua nikisikia sauti ya mama mara moja tu, nitaomba nirudishwe, na baba atajua nimeshindwa. Nikaketi kando ya simu, nikainua kipokezi chake, nikakiweka sikioni kidogo, nikakirudisha.

"Laini imekataa, Gogo," nikasema.

Gogo alikusanya sahani akaenda kuziosha. Nikachukua maandiko nikajifanya nasoma. Saa zikapita, mbili na zaidi. Hatimaye Gogo akaja akaketi mbele yangu, akanena kwa Kiingereza cha polepole.

"Simu hii hupiga kelele ikizungushwa. Nilikuwa jikoni, na sikusikia hata namba moja."

Nikainamisha kichwa.

"Nina kijana wangu alienda Johannesburg. Huu ni mwaka wa sita hajaniandikia. Kila Krismasi siachi mtu aiguse simu hii, mwanangu asije akapiga akakuta inatumika. Leo nimewapa nyinyi. Nilisema, hata kama si mimi, kuna mama mahali atasikia sauti ya mwanawe." Akapangusa meza ambayo tayari ilikuwa safi. "Wanakuita Mzee. Mzee haoni haya kulia mbele ya mama yake. Piga."

Nikapiga. Nikakosea namba mara mbili. Iliposhika, Nakuru ilikuwa karibu saa kumi na mbili jioni.

"Kijana, umekawia," Mzee Salim akasema. "Wazee wako wametoka hapa punde hivi kuwahi gari la mwisho la Dundori. Nimeliona likiondoka."

"Wazee wangu? Si mama alikuja peke yake?"

"Wote wawili. Baba yako ndiye alikuwa ameketi hapa penye simu, tangu saa nne asubuhi."

Mwanangu, siku hiyo nililia hata Mensah akaja kunishika. Na kabla jua halijazama nilimwandikia baba barua, ya kwanza. Nilimweleza yote, hata ule uongo. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia Siku ya Akina Mama nitapiga, na aje tena.

Barua ilifika, lakini ilimkuta hospitalini. Kiharusi kilikuwa kimemshika mwezi wa kwanza, kikachukua upande wake wa kulia na ulimi. Mama alimsomea barua yangu kitandani. Aliniandikia kwamba baba aliichukua kwa mkono wa kushoto akaiweka chini ya mto. Hakusema kitu, maana kusema hakukuwepo tena.

Nilipomaliza misheni na kurudi, nilimkuta ameketi kwenye kiti mbele ya nyumba, blanketi magotini. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Baba, nisamehe." Aliniwekea mkono kichwani. Akafungua mdomo, akajaribu, akajaribu tena, mpaka jasho likamtoka usoni, na kilichotoka hakikuwa neno. Aliishi miaka minne zaidi hivyo.

Mama ndiye aliyenisimulia ile Krismasi. Alisema baba aliamka mwenyewe akavaa koti lake la kanisa bila kuambiwa. Dukani, kila simu ilipolia ya watu wengine, alisimama. Mzee Salim akamletea chai, ikapoa. Na kabla ya saa tisa alimwambia mama, "Ikilia, wewe toka nje kwanza. Nataka kuongea na yeye."

"Alitaka kuniambia nini?" nilimuuliza mama.

"Sijui," akasema. "Hata mimi hakuniambia. Nilikuwa nitoke nje."

Mama naye ameshalala kaburini. Sitajua. Huenda baba alitaka kunibariki, huenda alitaka kunigombeza. Yote mawili ningeyapokea leo kwa mikono miwili.

Ndiyo maana nakuambia, wewe unayekwenda kuhubiri, na hata dada yako anayekwenda kazi Uarabuni: sikukuu za ugenini zitakuuma, na kuumwa huko si udhaifu. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Usimfiche mama yako machozi ukidhani unamlinda. Kinacholindwa hapo ni kiburi chako, na hicho kiache kife. Ukiahidi kupiga saa tisa, piga saa tisa, hata kama utalia tu mpaka dakika ziishe. Kama kuna mtu nyumbani mmekosana, mtaje kwa jina, useme, "Mpe simu." Usingoje yeye aanze. Pengine ameshaanza, ameketi mahali na koti lake, na wewe hujui.

Haya, mwanangu, nenda. Mungu wa baba yangu, ambaye ndiye Mungu wangu, akutangulie katika kila mlango utakaobisha. Akupe mama wa ugenini wa kukukemea kwa upole. Akulindie watu wako, na ulimi wao, na masikio yao, mpaka mwambiane yote mliyonayo moyoni. Amina.