Tulishinda, Tukatolewa

Juzi nilimsindikiza mama kununua pazia kule Al Barsha, nikajikuta nimesimama katikati ya makochi na vitanda, hasira ya zamani imenipanda. Duka lile zamani lilikuwa uwanja wa barafu. Pale walipopanga meza za kulia, rafiki yangu, ndipo dada yangu mkubwa alipocheza mashindano yake ya mwisho ya vyuo, ya mpira wa magongo wa kwenye barafu.

Mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Sisi ni watu wa Unguja, lakini tulikulia huku kwa Waarabu, mtaa wa Naif, juu ya duka la mabegi. Kazi yangu ilikuwa kuanika glavu za dada roshani; zilinuka kama samaki wa ng'onda, majirani wakinung'unika. Siku ya mechi bibi aliamka kukaanga sambusa, akazificha mkobani chini ya mtandio, maana chakula cha nje kilikatazwa. Kisha akavaa soksi mbili mbili na koti la marehemu babu. Tulikaa tukitetemeka, viatu vya chuma vikikwaruza barafu, kile kisahani cheusi cha mpira kikigonga mbao, pa!

Mechi ile ndiyo ilikuwa ya kuamua nani aingie fainali. Wapinzani walituzidi pointi mbili. Ngoja nikueleze kanuni ambayo sisi jukwaani hatukuijua: ukishinda ndani ya muda wa kawaida unapata pointi tatu. Ukishinda katika muda wa nyongeza unapata mbili tu, na uliyemfunga anaambulia moja.

Mchezo ukielekea mwisho, mabao yakiwa mawili kwa mawili, dada aliteleza hadi kwa kocha, karibu na tulipokaa.

"Kocha, mtoe kipa, tuongeze mshambuliaji."

"Niache goli wazi? Tulia. Tutawamaliza kwenye nyongeza."

"Nyongeza haitusaidii."

"Yalla, haya, rudi ucheze."

Kipenga kikalia. Kwenye nyongeza, bao la kwanza linamaliza mchezo. Dada alimpokonya mtu kisahani, akakimbia nacho peke yake, akafunga. Bibi alipiga vigelegele hata mlinzi wa mlangoni, Mganda mmoja mpole, akaanza kupiga makofi. Mama alikuwa analia. Dada peke yake hakuinua mikono. Aliteleza taratibu mpaka pembeni, akaegemeza kofia yake kwenye kioo. Upande wa pili, wale tuliowafunga wakawa wanakumbatiana.

"Mbona wanafurahi wao?" bibi akauliza.

Mama alikwenda kuuliza, akarudi uso umemshuka. "Wanaokwenda fainali ni wao. Bado wanatuzidi pointi moja."

"Kwani nani kafunga?"

"Mjukuu wako."

"Basi?"

Kocha aliwaambia wazazi kwamba khalas, yamekwisha, kanuni ni kanuni, kana kwamba hakuna aliyemwonya. Kwenye metro dada alisema neno moja tu, "Nilimwambia." Sambusa hazikuliwa.

Dada alimaliza chuo, akapata kazi Abu Dhabi, na siku hizi ukimtajia barafu anabadilisha mazungumzo. Roshani yetu ya Naif wanaanika wengine. Bibi ndiye hakukubali kabisa. Kila mgeni aliyekuja kunywa chai aliambiwa kwamba tulishinda, na dada akijaribu kumsahihisha alimkatiza: "Nyamaza, mwanangu. Wewe ulikuwa unacheza, mimi nilikuwa natazama."

Bibi tumemzika Unguja. Sasa nikisimulia mechi ile, watu wanatoa simu, wanatafuta kanuni, wananiambia kocha alikosea lakini matokeo yalikuwa halali. Najua yalikuwa halali. Ninachokosa ni mtu mmoja tu wa kuniambia kwamba tulishinda.