Maji Yaliyolala Siku Tatu

Nilipokuwa mtoto pale Naguru, katika nyumba za askari polisi, nilimchukia bibi yangu mzaa baba kwa sababu ya maji. Alikuja kutoka kaskazini na imani yake: maji yakilala nyumbani siku tatu yamesikia mengi mno, na atakayeyanywa atameza ugomvi wote uliosemwa mbele yake. Basi kila siku ya tatu maji ya mtungi wa kunywa yaliosha sakafu, nami nikapanga foleni bombani, ambako wake za askari walitusukuma na kututukania kabila.

"Ugomvi peleka nje," alinikaripia kila niliponung'unika. "Usiseme mbele ya maji."

Siku moja mama mmoja alimwaga ndoo yangu na kunizaba kofi. Nilirudi mikono mitupu, nikalowesha mtungi kwa nje uonekane umejazwa sasa hivi. Kisha nikauinamia na kusema kwa makusudi, "Bibi afe."

"Umebadilisha?" aliuliza kutoka uani.

"Ndiyo, Bibi."

Uongo ule ulikuwa mtamu. Kwa wiki mbili nikawa naongezea kidogo tu juu.

Ndipo vita vikafika Kampala na bomba likakauka. Baba alikuwa hajarudi kutoka kazini siku nne. Tulijifungia ndani, Bibi, mimi na mdogo wangu Okello, aliyekuwa na homa na akililia maji. Hatukuthubutu kuwasha moto, maana moshi ungewaita wanajeshi. Bibi alichota kikombe, akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinacheza ndani.

Hakunipiga. Aliuliza tu, "Umesema nini mbele ya hii maji?"

"Sijasema kitu."

Niliogopa kipigo tu; wala si Okello niliyemfikiria. Bibi aliyachuja maji kwa kitenge chake, akanywa kikombe kizima yeye kwanza, macho yake kwangu. Akangoja mpaka jua likageuka, ndipo akamnywesha Okello.

Bibi aliugua tumbo siku tatu, akapona. Lakini hakunituma maji tena. Aliyabeba mwenyewe, na mgongo wake ule mbovu, bila kunisemesha. Baba aliporudi na kumpeleka kwao, Bibi alimkumbatia Okello, akanipita mimi mlangoni. Sikumwona tena.

Daktari atasema ni uchafu uliomuumiza tumbo, nami nakubali. Hata hivyo, jerikeni zangu za akiba nazitia alama ya makaa, na siku ya tatu maji yake yanabadilishwa, bomba liwe linatoa vizuri au linadondosha tu. Juzi mjukuu wangu, akiburuta ya pili, alininong'onea matusi akidhani sisikii. Nilimshika mkono nikamtoa nje hadi uani.

"Sema hapa," nikamwambia. "Sema yote."

Akasema, akilia kwa hasira. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, kisha tukarudi ndani pamoja kujaza maji.