Mchumba Wangu Alifuta Kazi Yangu, Kisha Akanisingizia Mbele za Watu

Admin, jina langu lifiche maana mji wetu ni mdogo. Nina miaka 28, natengeneza programu za mtandaoni hapa Bariadi. Mchumba wangu eti ni mkuu wa IT kwenye kampuni ya kununua pamba. Mkuu! Hata kuprinti anaita mtu.

Tangu soko liwe huria wanunuzi wanagombania wakulima, basi bosi wake akataka ukurasa wa kuonyesha mizigo inayoingia. Yeye akaandika kituko. Penye jina la mkulima panasomeka [object Object], na penye jumla ya kilo ni maneno hayo hayo yamefuatana. Akaniletea kwa upole wote. Kosa lilikuwa dogo. Kwenye JavaScript mzigo mmoja unabeba jina, kijiji na kilo kwa pamoja, na lugha haijui itoe kipi. Nikauandikia sehemu mbili: toString, yakitakiwa maandishi itoe jina la mkulima, na valueOf, ikitakiwa hesabu itoe kilo. Ukurasa ukanyooka. Sifa akala yeye, nami nikamwachia, si mume mtarajiwa.

Wiki iliyopita akajifanya anasafisha kazi. Akaona toString na valueOf hazijaitwa kwa jina popote, akazifuta. Hajui kwamba JavaScript huziita yenyewe kimyakimya, na bado ni mkuu. Bosi kufungua mbele ya wakulima wa kijiji cha Migato, object object zimejaa tele. Mimi nilikuwa mlangoni, nimempelekea chakula. Nikamsikia anasema, "Hii nilimwachia mchumba wangu. Wanawake na kompyuta mnawajua." Wakacheka.

Nimemdharau mpaka sauti yake inanikera. Nikamwambia baba sitaki tena ndoa. Baba akainama, akasema, "Mayu, mwanangu, ng'ombe zake za mahari ndizo kaka yako alizoolea." Ndiyo desturi yetu Wasukuma. Nikimkataa, ng'ombe zinadaiwa, na wifi yangu mwenye mimba anarudishwa kwao wakati wanapendana na kaka.

Juzi huyo debe tupu kaja na soda, ananibembeleza nirudishe ile mistari kabla hajafukuzwa, ila nisimwambie mtu. Wala haoni aibu.

Jana wifi kanipikia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, hajui lolote. Akaniuliza kwenye harusi yangu avae kitenge gani, maana tumbo litakuwa kubwa. Ndugu zangu, huyu wifi nimjibu nini?